PIKAPU KUUKUU, INJINI NYINGINE, NA MGUU WA UTINGO

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Ikonge, Nyamira. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Halmashauri ya tawi imetuomba sisi wa kikundi cha gari tusimame mbele yenu tueleze habari ya ile pikapu ya kikundi, jinsi tulivyoifufua na jinsi tulivyoitoa injini yake ya zamani tukaitia nyingine. Wengi wenu mmeiona ikipita barabarani na mikungu ya ndizi, na wengine mmetuuliza kama mnaweza kufanya vivyo hivyo. Jibu letu ni kwamba mnaweza. Lakini hatutaki mfanye kama tulivyofanya sisi. Katika kazi ile tulifanya kosa moja la ufundi, na kosa jingine la uungwana, na makosa hayo mawili yalikutana siku moja kwenye mteremko mmoja. Kwa hiyo tutasema yote, mazuri na ya aibu, maana mkutano wa wafanyakazi si mahali pa kujisifu.

GARI LENYEWE

Gari hilo ni Toyota Hilux ya mwanzo wa miaka ya 1980. Lilikuwa mali ya mzee mmoja aliyekuwa akibeba majani ya chai na saruji, na siku za arusi akibeba watu. Lilipomshinda aliliegesha nyuma ya kinu cha posho, likakaa juu ya mawe miaka 9. Kuku walitaga chini ya kiti. Magugu yaliota mpaka kwenye taa.

Sisi tulikuwa watu 23. Miongoni mwetu wamo madereva wasio na magari, mafundi wasio na gereji, na wakulima wadogo ambao kila wiki humlipa mwenye gari zaidi ya wanachobaki nacho mfukoni. Tulipatana kwamba kila mmoja atoe shilingi 200 kwa wiki, yaani shilingi 4,600 kwa kikundi kizima. Si fedha nyingi, lakini bandu bandu huisha gogo.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa jema, nalo twalisifu. Kabla ya kugusa bolti hata moja, tuliidai logibuku kwa jamaa za mzee, tukalinganisha namba ya chesisi iliyo kitabuni na ile iliyopigwa kwenye chuma, kisha tukaandikisha gari kwa jina linalotambulika. Gari lisilo na karatasi ni mzigo wa chuma tu, hata likiwaka vizuri namna gani.

KUUZA AU KUTENGENEZA?

Kulikuwa na ubishi mkubwa. Wako waliosema tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tuongeze fedha, tununue gari lililoletwa kutoka Japani. Hoja yao ilikuwa na maana, lakini tuliitazama kwa hesabu. Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo ni njema kwa barabara, lakini maana yake ni kwamba hata gari kuukuu la kutoka nje huja na bei ya gari changa. Sisi na shilingi zetu 200 tungechanga mpaka mvi.

Basi tukaamua kutengeneza. Injini ya asili ilikuwa ya petroli, aina ya 12R, yenye ujazo wa sentimita 1,587, na karbureta. Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda, pistoni zimeshikamana na kuta kama ugali na sufuria. Mafundi wetu walipokwisha kuifungua walisema kwamba kuitengeneza kutakula fedha nyingi na spea zake hazipatikani upesi. Tukachagua kutia injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L, yenye ujazo wa sentimita 2,446. Sababu zilikuwa tatu: ni ya ukoo wa magari hayo hayo, ina nguvu ya kupanda milima polepole na mzigo, na mafundi wengi wa jua kali wanaijua.

KUTU KWANZA

Kabla ya injini kuna gari. Twasema hivyo kwa sababu vijana wengi huanzia kwenye injini, wakisha kuisikia ikinguruma hudhani kazi imekwisha.

Huku kwetu milimani mvua ni nyingi na udongo mwekundu hushika chini ya gari kama saruji. Ndani ya udongo huo kutu hula taratibu. Sisi tuliinua bodi ya nyuma, tukakwangua chesisi yote, kisha fundi akapita akigonga kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu. Pale palipotoa sauti ya kibuyu tulikata mpaka tukafikia chuma safi, ndipo tukachomelea bamba jipya. Msichomelee bamba juu ya kutu, wala msizibe tundu kwa pati na rangi. Rangi humdanganya mnunuzi, lakini haiudanganyi mzigo wa tani moja.

Kabla ya kuchomelea tuliondoa betri, tukaondoa na tangi la mafuta, tukaliweka mbali, na ndoo mbili za mchanga zikawa karibu. Tangi la petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke ndani, na mvuke huo huwaka upesi kuliko petroli yenyewe. Tangi lililotoboka lisichomelewe na fundi wa kubahatisha. Sisi tulitafuta jingine.

Breki nazo tulizifungua magurudumu yote manne. Tulitia raba mpya katika silinda za magurudumu, viatu vipya, mabomba mapya palipokuwa na kutu, na mafuta halisi ya breki. Wako watu watiao maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Maji huchemka breki ikipata moto, na huleta kutu ndani ya silinda. Anayefanya hivyo anacheza na roho za watu.

Kwa hiyo mtaona kwamba tulizijali breki. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yalituuma zaidi.

PETROLI NA DIZELI SI KITU KIMOJA

Hapa twawaomba wale wasio mafundi watuvumilie kidogo, maana kisa chote kimo katika tofauti hii.

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganywa na petroli, huisukuma, kisha cheche ya plagi huiwasha. Mguu wa dereva ukikanyaga mafuta, kwa kweli unafungua mlango mdogo wa hewa ulio kwenye karbureta. Mlango ukifungwa, injini huendelea kufyonza lakini hewa haipati njia, na katika bomba la kuingizia hewa hubaki ombwe, yaani mahali palipofyonzwa hewa.

Injini ya dizeli ni namna nyingine. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, aliondoa cheche kabisa. Hewa peke yake hubanwa sana, zaidi ya mara 20 katika injini kama hii yetu, ambapo ya petroli kuukuu hubana mara 8 au 9 tu. Hewa iliyobanwa namna hiyo hupata moto mkali, na dizeli ikirushwa ndani na nozeli huwaka yenyewe. Dereva akikanyaga mafuta anaiamuru pampu itoe dizeli zaidi. Mlango wa hewa u wazi siku zote. Kwa hiyo hakuna ombwe.

Mtauliza, ombwe lina kazi gani? Tutafika huko.

KUITIA INJINI

Injini tuliinunua Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya spea yamepangana ukuta kwa ukuta. Tuliinunua pamoja na gia boksi yake, kwa sababu gia boksi ya injini ya petroli haikuoana na mgongo wa injini ya dizeli. Muuzaji alitueleza waziwazi kwamba altaneta haimo katika bei, inauzwa mbali. Hakutudanganya. Sisi wenyewe tulisema, "Altaneta tunayo, ile ya injini ya zamani, ingali inachaji. Kwa nini tununue nyingine?" Bei ya altaneta ile ilikuwa sawasawa na mchango wetu wa wiki mbili. Tukaiacha, tukarudi Ikonge tumefurahi kwamba tumeokoa fedha.

Tuliinua injini kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyosimamishwa kama mafiga. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingiza mkono au kichwa chini ya injini ikining'inia, hata awe fundi mkuu. Sheria hiyo ilitusaidia, kwani siku ya pili mguu mmoja wa mti uliteleza katika tope, injini ikashuka shubiri mbili, na chini yake hapakuwa na mtu.

Mambo yaliyotutoa jasho ni haya. Vishikio vya injini ilibidi vikatwe na kuchomelewa upya, vikipimwa mara tatu kabla ya kukatwa mara moja. Propela shafti haikufika. Tuliipeleka Kisii kwa fundi wa mashine ya kukereza chuma, akaiongeza na kuisawazisha, maana shafti isiyosawazishwa hutetemesha gari zima na kuvunja kila kitu taratibu. Rejeta ya zamani ilikuwa ndogo, tukatia kubwa, kwa sababu injini hizi zikichemka kichwa cha silinda hupasuka. Tangi tulilosha, na tukavuta bomba la pili la kurudisha dizeli tangini, kwani pampu huchukua zaidi ya inayotumika na ile iliyobaki ni lazima irudi. Tuliweka betri yenye nguvu zaidi, na nyaya za hita plagi zinazopasha moto silinda asubuhi ya baridi. Tulitia mkanda mpya wa taimingi bila kuuliza wa zamani una umri gani. Mkanda huo ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, nao ukikatika njiani valvu hupigana na pistoni, na hapo huna injini tena.

Tulipomaliza tulitoa hewa katika mabomba kwa kupiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, tukawasha. Ilikataa. Tukapiga tena, tukawasha. Ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikashika. Akina mama waliokuwa wakipita na vikapu walipiga vigelegele. Kazi yote ilikuwa imechukua miezi 7.

MPIRA ULIOZIBWA

Sasa twafika kwenye kosa.

Pamoja nasi alikuwapo binti mmoja, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, aliyekuja kujifunza kazi. Tulimpa kazi ya kuosha vyuma kwa dizeli na kupanga bolti katika mikebe, na kila mkebe aliuandika jina. Siku tulipokuwa tukimalizia, alishika mpira mmoja mnene mweusi uliotoka kwenye bakuli kubwa la chuma lililo nyuma ya silinda kuu ya breki. Akauliza, "Wazee, mpira huu unakwenda wapi?"

Mmoja wetu akamjibu, "Mwanangu, huo ulikuwa wa injini ya petroli. Hauna kazi tena. Uzibe."

Akauliza tena, "Lakini kwa nini unatoka kwenye breki?"

Sisi tulikuwa tumechoka, na giza linaingia. Tukamwambia, "Ziba, mama, twende nyumbani." Akauziba kwa bolti na kuufunga kwa waya.

Ndugu wanachama, bakuli lile huitwa busta ya breki. Kazi yake ni kumsaidia dereva. Upande mmoja wa bakuli hufyonzwa hewa, upande wa pili hewa ya kawaida husukuma, na msukumo huo huongeza nguvu ya mguu. Katika gari la petroli ombwe hutoka kwenye bomba la kuingizia hewa. Katika dizeli, kama tulivyosema, ombwe hilo halipo, kwa hiyo watengenezaji huweka pampu ndogo ya kufyonza hewa. Na katika injini hii pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Ile ile altaneta tuliyoiacha dukani.

Tuliokoa mchango wa wiki mbili, tukaacha Nairobi msaada wa breki zetu.

SIKU YA MTEREMKO

Gari lilijaribiwa sokoni, mahali tambarare, tena tupu. Lilisimama. Dereva alisema kanyagio ni gumu kidogo. Tukasema ni viatu vipya, vitalainika. Breki isiyo na busta hufanya kazi, lakini hudai nguvu nyingi sana ya mguu, na mahali tambarare huwezi kuyajua hayo.

Wiki ya tatu, asubuhi baada ya mvua ya usiku, gari lilikwenda na mikungu ya ndizi mpaka juu kabisa, na juu ya ndizi amekaa utingo. Kwenye mteremko dereva alikanyaga breki, akakuta kama amekanyaga jiwe. Akasimama juu ya kanyagio kwa uzito wake wote. Gari likapunguza mwendo kidogo tu. Dereva ni mtu mzima wa kazi. Alirudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono, akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kilima badala ya upande wa bonde, ambako kulikuwa na watoto waendao shule. Gari liliparuza ukingo likasimama limeinama. Ndizi zilimwagika, na utingo akaanguka pamoja nazo. Mguu wake ulivunjika chini ya goti.

Hakufa mtu. Tunashukuru. Lakini hatukuwa na haki ya kuokoka, tuliokoka tu.

NANI ALIKUWA MWAJIRI?

Jioni ile tulikutana. Tulikuwa na huzuni, na kama ilivyo desturi mtu mmoja akasema tupitishe kofia, tumpelekee mgonjwa sukari na chai. Tukafanya hivyo. Wajumbe watatu wakaenda hospitalini kumwona.

Utingo alitupokea kwa heshima, akatushukuru kwa sukari. Kisha akatuuliza, "Wazee wangu, kama gari hili lingekuwa la tajiri, leo mngekuja na nini?"

Hatukuwa na jibu. Sisi ambao katika mikutano kama huu tumepiga makofi kila lilipotajwa jina la sheria ya kufidia wafanyakazi. Sisi ambao tumewataja waajiri kwa ubaya, na mara nyingi kwa haki. Sisi tulikuwa tumemchukua kijana huyu kwa malipo ya siku, bila karatasi, bila bima, tukampandisha juu ya mzigo ambako hapastahili kupanda mtu. Tulikuwa waajiri na hatukujua. Au tulijua, lakini neno hilo hatukulipenda.

Tulifungua sheria tukasoma. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yasema kila mwajiri ni lazima awe na bima ya wafanyakazi wake. Yasema ajali ikitokea, mwajiri apeleke taarifa kwa Mkurugenzi katika siku 7 tangu apate habari. Yasema mfanyakazi aliyeshindwa kazi kwa muda, kwa siku 3 au zaidi, ana haki ya kulipwa kwa vipindi kiasi kilicho sawa na kipato chake, kwa muda usiopita miezi 12. Sheria hiyo haisemi kwamba mwajiri maskini, au mwajiri aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, amesamehewa.

Wako kati yetu waliotaka tumlipe nusu, wakisema kikundi ni kidogo na gari limeumia. Wakaulizwa, je, tajiri akisema hivyo mtamkubalia? Wakanyamaza. Tulipeleka taarifa, tulilipa gharama ya matibabu, na tulimlipa ujira wake mpaka alipoweza kusimama, ingawa kwa sababu hiyo gari lilikaa miezi miwili bila kutengenezwa na kila mtu alichanga mara mbili. Tulipolitengeneza, kitu cha kwanza kilikuwa altaneta yenye pampu yake, pamoja na mipira ya mafuta ya injini inayoilainisha. Kitu cha pili kilikuwa bima. Utingo mwenyewe sasa hapandi juu ya mizigo. Ndiye anayeandika daftari la mizigo, na hakuna mkungu unaopotea.

Na yule binti? Tulimwomba radhi mbele ya kikundi kizima. Mjue kwamba haikuwa rahisi kwa wazee wenye mvi kumwomba radhi mtoto wa kike aliyekuja kuosha vyuma. Lakini yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali lililokuwa na faida. Sasa twamsaidia kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, na mafundi wetu wawili, waliofanya kazi miaka 20 bila cheti, watafanya pamoja naye.

KUMBUKUMBU KIDOGO

Ndugu, kazi ya gereji na kazi ya chama si vitu vigeni kimoja kwa kingine katika nchi hii. Fred Kubai, kabla hajawa rais wa East African Trade Union Congress iliyoundwa mwaka 1949, alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi na mafundi wa magari. Yeye na katibu mkuu Makhan Singh walikamatwa mwezi wa Mei 1950, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Watu hao hawakupata taabu ile ili sisi tukipata pikapu moja tumfanyie utingo yale yale waliyofanyiwa watu wao.

MAAGIZO KWA WANAOTAKA KUFANYA KAZI HII

Twamalizia kwa maagizo machache, nanyi mnaweza kuyanakili.

1. Anzeni na karatasi. Hakikisheni namba ya chesisi ni ile iliyo kwenye logibuku.

2. Mkinunua injini, dai risiti yenye namba ya injini pamoja na nakala ya karatasi za forodha. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa ya wizi, na atakayeulizwa ni wewe.

3. Injini ikibadilishwa, mwenye gari ni lazima atoe taarifa kwa NTSA, gari likaguliwe, na namba mpya iandikwe katika logibuku. Na gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Iarifuni bima pia kwamba injini si ile ya zamani.

4. Nunueni injini pamoja na viungo vyake vyote: gia boksi, altaneta, pampu, nyaya na vishikio. Kinachoachwa dukani kwa ajili ya bei ndicho kitakachotafutwa usiku barabarani.

5. Kila mpira, kila waya, kila bomba mnalolikuta, ulizeni linatoka wapi na linakwenda wapi. Asizibe mtu kitu asichokijua kazi yake.

6. Jaribuni breki gari likiwa na mzigo, mahali pa usalama, kabla ya kulipeleka mlimani. Kanyagio likiwa gumu msiseme litalainika.

7. Patanisheni ujira kabla ya kazi, tena kwa maandishi, pande zote mbili zitie sahihi: wa fundi, wa dereva, wa utingo, na wa mwanafunzi.

8. Mkimwajiri mtu hata mmoja, ninyi ni waajiri. Kateni bima siku hiyo hiyo.

9. Mtu asipande juu ya mzigo.

Bwana Mwenyekiti, gari liko nje, chini ya mti. Baada ya mkutano, mwanachama yeyote anayetaka kuona pampu tunayoisema na aje; yule binti atafungua boneti na kuwaonyesha. Tumeuhifadhi na ule mpira wenye bolti, umetundikwa kwa waya ukutani katika kibanda chetu, ili fundi yeyote anayeingia auone kabla ya kushika spana.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu, lakini umoja unaomsahau wa mwisho juu ya mzigo si umoja bado.